Mitalawanda ya Mteka Maji

Shauri la Mlio wa Viatu vya Mti katika Uwanja wa Msikiti wa Wakfu, Baina ya Swala ya Alfajiri na Swala ya Adhuhuri. Mlalamikaji Akiwa Mwandishi wa Misahafu, na Mlalamikiwa Akiwa Mteka Maji.

Hivyo ndivyo lilivyoandikwa juu ya jalada, kwa mwandiko wa madaha wa makarani wa zama zile. Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba jambo hili lilitokea katika mji mmoja wa kando ya mto, katika nchi ya Iraki. Juu ya jina la mji wapokezi wamehitilafiana. Wawili wanautaja kila mmoja kwa jina lake na kushikilia kwa nguvu. Wa tatu anasema amesahau, na huyo ndiye aaminikaye zaidi.

Zilikuwa zama nyingine. Msahafu ulikuwa haununuliwi dukani mtu akarudi nao nyumbani siku ile ile. Uliandikwa herufi kwa herufi, na aliyeutaka alingoja mwaka mzima na akaona amefanyiwa haraka. Wino ulitengenezwa kwa masizi ya taa za msikiti na gundi ya mgunga, kalamu ilichongwa kwa utete wa mtoni, na mwandishi hakugusa ukurasa ila akiwa na udhu. Watu walikuwa na wasaa. Walikuwa na wasaa wa kuzuru wagonjwa mpaka wagonjwa wakachoka kuzuriwa, na wa kuamkiana mpaka salamu ikawa ndiyo mazungumzo. Na tusiwasifu kupita kiasi: walikuwa na wasaa pia wa kushtakiana juu ya viatu.

Mwandishi wa misahafu wa mji ule aliitwa Safwani. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye vidole vyeusi kwa wino, na sifa yake ilikuwa ni subira. Haikuwa sifa ya kupewa na marafiki. Katika mwaka wa tauni alizika watoto wake wawili, Lubaba na Hazimu, baina ya Alasiri na Magharibi ya siku moja. Waliokuja kumpa pole walikuta amekwisha kuwatandikia mkeka na kuwawekea maji, na walipomuuliza hali yake alisema kwamba watoto walikuwa amana, na mwenye amana amechukua kilicho chake. Miaka miwili baadaye mto ulifurika ukaondoka na nusu ya nyumba yake na misahafu mitatu ambayo haijaisha. Siku ya pili yake alionekana mtoni, akichagua tete za kuchonga kalamu mpya. Basi watu wakamwita Safwani Mwenye Subira, na akina mama walipokuwa wakiwakanya watoto wao watundu walimtaja yeye, jambo lililowafanya watoto wamchukie kidogo.

Nyumba yake, ile nusu iliyobaki na ile nusu aliyoijenga upya, ilipakana na uwanja wa msikiti. Chumba cha kuandikia kilikuwa na dirisha moja, juu, linalotazama uwanjani. Safwani aliligeuzia mgongo dirisha hilo ili mwanga uangukie ukurasa, na hivyo yote yaliyokuwa yakipita uwanjani aliyasikia na hakuyaona.

Na katika uwanja huo alikuwako Dhakwani.

Dhakwani alikuwa mteka maji wa msikiti kwa miaka ishirini na miwili. Aliteka maji kisimani kwa ndoo ya ngozi, akayabeba kuvuka uwanja, akayamimina katika birika la kutawadhia. Na asubuhi, kabla ya yote, alimwekea Safwani gudulia moja mlangoni, kwa kuwa mwandishi wa misahafu anahitaji udhu kama mkulima anavyohitaji jembe. Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto tangu kuzaliwa. Yule bibi mwema aliyeuweka wakfu msikiti ule, Mungu amlipe, aliandika katika hati yake kwamba mteka maji atavaa mitalawanda, yaani viatu vya mti, ili nyayo zake zisilete uchafu wa njiani kwenye maji ya watu. Seremala akamchongea Dhakwani jozi yake, wa kulia mnene kuliko wa kushoto kwa vidole viwili, na kwa viatu hivyo alisimama sawa kama mtu mwingine yeyote. Hati hiyo hiyo, mistari minne chini, ilisema kwamba mteka maji hatawaudhi wenye kusali wala wenye kusoma. Masharti hayo mawili yaliishi katika ukurasa mmoja kwa muda wa miaka sitini bila ya kukutana.

Mtalawanda wa kushoto ulilia ko. Ule wa kulia, kwa uzito wake, uliburuzika ukalia kwaru. Baina ya ko na kwaru palikuwa na kimya kifupi, na kimya hicho ndicho, baada ya miaka yote hiyo, kilichomwingia Safwani. Ile ko hakuijali. Kilichomsumbua ni kungoja kwaru. Angekuwa katikati ya herufi, kalamu imejaa wino, aisikie ko, na mkono ungesimama wenyewe, ungoje. Kwaru ingekuja, na mkono ungeendelea. Lakini zilikuwako nyakati ambapo Dhakwani alikutana na mtu katikati ya hatua, akasimama kumwamkia na kumuuliza habari za nyumbani, za wazee, za mifugo, na kwaru isije kabisa. Na Safwani akabaki ameinua kalamu, kama mtu aliyeambiwa nusu ya habari ya msiba.

Alijaribu dawa zote. Alihamisha kibao chake cha kuandikia kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule. Alitia pamba masikioni, akagundua kwamba sasa anaisikia kwa ndani. Alifunga dirisha, akakosa mwanga, akaandika herufi ya waw yenye mkia mrefu kama wa punda. Baada ya miezi miwili alikuwa hataki hata jina la mtu yule litajwe nyumbani.

Mkewe, Umaima, alikuwa mwanamke asiyekatazwa kusema kwa urahisi. Alhamisi moja alimkuta mumewe amekaa na kalamu hewani, akamuuliza anangoja nini. Safwani akamweleza habari ya ko na kwaru, kwa urefu, kama mtu anavyoeleza maradhi yake kwa tabibu. Umaima alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Lubaba," akasema, kwani hakuacha kumwita hivyo hata baada ya msiba, "tauni hukusema neno. Mafuriko hukusema neno. Leo ni kiatu?"

"Tauni haikupita mlangoni pangu mara kumi kwa siku," alijibu Safwani. "Tena tauni ilitoka kwa Mungu, nikanyamaza. Viatu hivi vimetoka kwa Dhakwani."

"Na Dhakwani ametoka kwa nani?"

Safwani akachovya kalamu katika kidau cha wino na kuendelea kuandika. Siku ya pili yake, baada ya swala ya Ijumaa, alikwenda Nyumba ya Wakfu.

Karani wa wakfu aliitwa Nufaili. Alikuwa mtu mnadhifu na mwenye adabu nyingi, ambaye hakuwa amepata shauri lolote kwa muda wa miezi mitatu na alikuwa ameanza kuyapanga upya majalada ya zamani kwa kufuata unene wake. Alimpokea Safwani kama mgeni wa sikukuu. Hakumuuliza kama ana shahidi wa pili, ingawa kanuni ilitaka wawili. Alisema kwamba mtu aliyezika watoto wawili kwa siku moja asilalamike, akija kulalamikia kiatu, basi kiatu hicho ni balaa iliyothibiti.

Kisha akamsomea utaratibu. Mlalamikaji ataweka hesabu ya udhia kwa siku saba, kuanzia kesho Jumamosi hadi Ijumaa, kila udhia na alama yake. Siku ya nane ataletwa mbele ya karani, atasomewa hesabu yake, na ataiapia kwa mkono juu ya Msahafu. Akishaapa, shauri limekwisha. Mteka maji atatoka katika kazi, na kwa kuwa chumba cha kando ya kisima ni cha mwenye kazi, atatoka chumbani pia kabla jua la siku hiyo halijazama. Nufaili alilisoma hilo la mwisho kwa sauti ile ile aliyosomea mengine.

Safwani alilisikia. Alipokuwa akirudi nyumbani lilimfuata mpaka kwenye pembe ya soko, na hapo akalishinda kwa hoja. Yeye alikuwa ametaka utulivu tu. Ikiwa ndani ya utulivu huo kuna mtu wa kutolewa, hilo lilikuwa jambo la wakfu na masharti yake.

Akaanza kuweka hesabu. Jumamosi aliandika alama tisa, Jumapili kumi na moja, na Jumatatu nane. Jumatatu hiyo mchana Umaima aliitwa kwenda kumhudumia dada yake aliyejifungua, mtaa wa wafinyanzi, ng'ambo ya mto, na nyumba ikabaki na mtu mmoja ndani yake. Ilikuwa kimya kiasi kwamba Safwani alisikia kalamu yake mwenyewe ikinywa wino. Na katika kimya hicho, Jumanne, alihesabu kumi na tatu. Jumatano zikawa kumi na nne. Akajiambia kwamba bila shaka mtu yule amepata habari za shauri na sasa anafanya kusudi. Alhamisi kumi na saba. Ijumaa, siku tukufu, kumi na tisa. Alikuwa haendi tena uwanjani. Aliingia msikitini kwa mlango wa sokoni ili wasikutane, na asubuhi hakufungua mlango kulichukua gudulia mpaka awe na hakika kwamba aliyelileta amekwisha kwenda zake. Maji ndani yake yalikuwa baridi sana, kwani ilikuwa miezi ya kipupwe. Alitawadhia maji hayo, akakaa, na kungoja ko.

Jumamosi asubuhi, jua lilipopanda kiasi, watu watatu walikutana katika Nyumba ya Wakfu. Nufaili alikuwa nyuma ya meza yake, amevaa kilemba kipya. Safwani alikalishwa juu ya zulia. Dhakwani alisimama karibu na mlango, pekupeku juu ya sakafu ya mawe, na Safwani alidhani amevua viatu kwa heshima ya zulia, kama avuavyo kila mtu.

Karani akamuuliza mlalamikiwa ana nini la kusema.

"Viatu vinalia, ni kweli," alisema Dhakwani. "Na mguu huu ni mfupi, nao ni kweli. Vyote viwili sikuvichonga mimi."

Alipoulizwa, kwa ajili ya kuandikwa tu, atahamia wapi iwapo shauri litamshinda, alijibu kwamba hajui, kwa sababu hajapata kwenda mahali popote. Nufaili akaandika: hajui.

Kisha karani akasimama na kusoma jalada lote kwa sauti, toka mwanzo, maana kanuni ilitaka lisomwe lote. Alisoma anwani ya shauri. Alisoma masharti ya wakfu, la viatu na la udhia, yakifuatana. Akageuza karatasi na kusoma, kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia:

"Kielelezo cha kwanza. Mitalawanda, jozi moja, wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Imepokelewa kutoka kwa mlalamikiwa siku ya Jumatatu baada ya Alasiri, ikafungwa kwa uzi, ikatiwa lakiri, na kuwekwa sandukuni."

Akageuza karatasi nyingine na kuanza hesabu ya mlalamikaji. Jumamosi mara tisa. Jumapili mara kumi na moja. Jumatatu mara nane. Jumanne mara kumi na tatu. Alisoma mpaka Ijumaa bila ya sauti yake kupanda wala kushuka. Hakuna aliyeshtuka. Nufaili alikuwa ameziandika karatasi zile katika siku mbalimbali na kwa wino mbalimbali, na kwake kila karatasi ilikuwa kweli kwa nafasi yake. Dhakwani hakujua kusoma, na hesabu za watu wa vitabu hakuzifuata. Alikuwa akitazama nyayo zake.

Safwani peke yake ndiye aliyezisikia karatasi zile mbili pamoja.

Alitaka kudhani kwamba karani amekosea siku. Lakini palepale alikumbuka gudulia la kila asubuhi, tangu Jumanne, jinsi lilivyokuwa likikutwa mlangoni bila ya yeye kusikia likiletwa, na kwamba hata hivyo kila siku aliliandikia alama ya kuletwa kwake. Akatazama mlangoni. Visigino vya Dhakwani vilikuwa vimepasuka magaga, na ufa mmoja ulikuwa bado mwekundu. Kila alipohama kutoka mguu hadi mguu alizama upande wa kulia kama mtu anayeshuka ngazi.

Karani aliweka Msahafu mezani na kuufungua. Ulikuwa ni msahafu wa msikiti, na Safwani hakuhitaji kuuliza nani aliuandika. Aliuandika yeye, mwaka ambao Lubaba alikuwa na miaka mitano na Hazimu mitatu, na nyumbani mlikuwa na mbuzi mwenye kengele. Pambizoni mwa ukurasa ule uliofunguka palikuwa na doa la wino, dogo, lililokwanguliwa kwa kisu kwa uangalifu mkubwa, na wala lisingeonekana na mtu asiyelijua. Hapo ndipo Lubaba aliposukuma kiwiko cha baba yake akimfukuza nduguye kuzunguka kibao, huku mbuzi akiwafuata wote wawili, kengele ikilia. Alijaribu kukumbuka kama alikasirika. Alikumbuka kwamba alicheka, akachukua kisu, akakwangua doa, na akaandika kurasa tatu nyingine kabla ya Adhuhuri, pale pale, katikati ya kelele zile. Alikumbuka mwandiko wa siku ile ulivyokuwa mzuri. Hakupata kuandika vizuri hivyo tena.

"Mkono, sheikh," alisema Nufaili kwa upole.

Safwani hakuutoa mkono.

"Nisomee tena Jumanne," akasema.

"Mara kumi na tatu, sheikh. Umeandika mwenyewe."

"Na Jumanne viatu vilikuwa wapi?"

Nufaili akafungua jalada, akasoma, akarudi nyuma karatasi mbili, akasoma tena. Kisha akatazama sanduku lililokuwa pembeni mwa chumba, kama kwamba ndilo lililomsaliti.

Hapa inafaa tumtendee haki karani Nufaili, kwani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa shauri liishe likiwa limenyooka. Akainama na kusema kwa sauti ndogo kwamba siku ya kupokea kielelezo ni jambo la kalamu, na kalamu anayo. Kwamba akiandika Ijumaa mahali pa Jumatatu, hesabu itakaa vizuri, sheikh hatakuwa amesema uongo kwa mujibu wa jalada, na hakuna mtu atakayedhurika.

"Yupo mmoja," alisema Safwani. "Amesimama mlangoni." Kisha akainua sauti, ili asikike hadi huko. "Andika hivi. Mlalamikaji amesikia viatu ambavyo havikuwako, kwa siku nne, mara sitini na tatu, na alikuwa tayari kuviapia."

"Sheikh, hakuna sehemu ya kuandika maneno hayo."

"Itengeneze."

Nufaili alichukua kalamu, akaiweka, akaichukua. Alisema kwamba tangu aanze kazi hajaona mlalamikaji akishindwa na shauri ambalo mlalamikiwa wake hakujitetea. Hata hivyo akaandika. Alipomaliza, alikumbuka jambo jingine na uso wake ukapata uhai: ikiwa mteka maji amekuwa akitembea pekupeku tangu Jumatatu, basi kwa siku tano amevunja sharti la viatu, na hilo, kwa haki, lingehitaji shauri lake. Safwani alimtazama. Nufaili akafunga jalada.

Nje, penye kivuli cha ukuta, Safwani alimkuta Dhakwani ameketi juu ya jiwe akikanda unyayo wake. Alikuwa bado hajafahamu vizuri kilichotokea. Alijua tu kwamba hajafukuzwa. Safwani alikaa chini mbele yake, juu ya vumbi, na akamweleza yote bila ya kujitafutia udhuru. Mteka maji alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Tangu Jumanne nimekuletea maji pekupeku," alisema mwishowe. "Hukuniona?"

"Sikukuona. Nilikuwa nikikusikiliza."

Mabega ya Dhakwani yakaanza kutikisika, na Safwani alidhani analia, kumbe anacheka. "Basi sheikh," akasema, "mimi nimekwenda kimya siku nne nzima, nakanyaga barafu kama mwizi wa kuku, nikisema labda mwandishi wetu atapumzika. Nawe ukazidi kunisikia. Lau ningepaa na mabawa ungeniandikia alama."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nirudishiwe viatu vyangu, maana nyonga inaniuma."

Wakarudi ndani. Nufaili aliwapokea kwa majonzi ya kweli. Alisema kwamba kielelezo kilichotiwa lakiri hakifunguliwi ila baada ya siku arobaini tangu shauri kufungwa, na kwamba kanuni hiyo haitofautishi baina ya aliyeshinda na aliyeshindwa. Aliwaonyesha mahali palipoandikwa. Alikuwa hata ameweka kijiti cha kuonyeshea ukurasa.

Kwa siku arobaini, basi, maji ya msikiti ule yalitekwa na Safwani Mwenye Subira. Mkono uliozoea kalamu ulitoka malengelenge siku ya kwanza. Dhakwani alikaa ukingoni mwa kisima, miguu imefungwa vitambaa vya mafuta ya ufuta, na kumwelekeza. Kamba ishike juu zaidi, sheikh. Usiiache ndoo igonge ukuta, sheikh, hiyo ni ngozi si jiwe. Na kila maji yalipomwagika, alipiga ulimi kwenye kaakaa, nta, si kwa dharau bali kwa mazoea. Kufikia siku ya tano Safwani aligundua kwamba amebeba ndoo na amesimama katikati ya uwanja, anangoja ile nta. Akaweka ndoo chini, akakaa juu ya ukingo wa birika, na kucheka peke yake mpaka waliokuja kutawadha wakamwondokea mbali.

Wala hakuwa peke yake katika kucheka. Habari ilikuwa imeenea mjini kabla ya Adhuhuri ya siku ile ya shauri, na jina la Mwenye Subira likabadilika likawa Safwani Mwenye Masikio. Watoto wale waliokanywa kwa jina lake walilipiza kisasi cha miaka mingi. Walimfuata sokoni wakigonga vijiti, ko, halafu wakanyamaza, halafu wakakimbia bila ya kugonga cha pili. Inasemekana alisimama, akageuka, na kuwaomba wamalizie. Wakamalizia.

Umaima alirudi kutoka ng'ambo ya mto wiki hiyo, akamkuta mumewe mlangoni, pindo za kanzu zimelowa, analiweka gudulia mahali pake. Alimtazama toka juu mpaka chini.

"Nimesikia habari kwa wafinyanzi," akasema. "Imekwisha kufika huko, na wameitia chumvi. Kwao ni mara mia moja."

"Ni sitini na tatu, Mama Lubaba."

Walikaa chumbani mwa kuandikia. Safwani alimsimulia habari ya doa lililokwanguliwa, na mbuzi, na kengele. Umaima alikumbuka kwamba kengele ile ilikuwa na ufa na ilitoa sauti mbaya kuliko kengele zote za mji, na kwamba Hazimu hakulala usingizi ila akiisikia. Wakazungumza habari za watoto mpaka chakula kikapoa, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu mwaka wa tauni. Kisha Umaima alisema:

"Siku ile waliokuja kutupa pole walikusifu kwa kunyamaza. Tangu hapo umekuwa ukiulinda ukimya wa nyumba hii kama kwamba watoto wamo ndani yake. Hawamo, Baba Lubaba. Wao walikuwa na kelele."

Wanasema Safwani alisimama akafungua dirisha, ijapokuwa ilikuwa baridi.

Siku ya arobaini Nufaili mwenyewe aliileta mitalawanda, akakata lakiri mbele ya wote wawili, na kuwatilisha saini. Kesho yake asubuhi Safwani alikuwa amekaa na kalamu yake, mgongo dirishani. Alisikia ko. Mkono ukasimama, kwani mkono hausahau upesi. Pakapita kimya kirefu. Dhakwani alikuwa amekutana na mtu, na alikuwa akimuuliza habari za punda wake mgonjwa. Safwani alisikia kwamba punda hajambo kidogo. Akafurahi kwa ajili ya punda, akaichovya kalamu, na akaandika.

Enyi ndugu, misiba mikubwa huja na jina lake na watu wa kutupa pole. Tunaitambua toka mbali na kuivalia subira kama tunavyovaa kanzu ya Idi. Haya madogo huja bila ya jina, hayana matanga, wala hakuna jirani anayebisha hodi kusema pole kwa kikohozi cha mwenzio, pole kwa mlango wa jirani, pole kwa anayetafuna karibu yako. Yanatukuta nyumbani, tumevaa nguo za kazi. Na huenda ndiyo maana mja hupimwa kwa hayo, kwa kuwa hakuna anayetazama. Wazee wetu walilijua hilo na wakayasimulia haya bila ya kuona haya, wakicheka, nasi twawaombea rehema.

Ama kilichotokea hasa ni hiki: mtu mmoja alikerwa na viatu, mwenye viatu akavivua, na yule aliyekerwa akaendelea kuvisikia.